Tukubaliane Nani Asinunue Nini

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya wakutubi, wahadhiri na wanafunzi. Waliozuiliwa na mvua wameomba niiweke yote, nami naiweka kama ilivyotoka mdomoni. Nimefuta salamu za itifaki tu, maana zilikula dakika sita.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wakutubi, habari za kazi? Nanyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Hamjambo?

Kabla sijaanza, anyooshe mkono anayefuatilia tamthilia za Kikorea. Msiogope, hatuandiki majina. Naam, ukumbi karibu wote, na pale meza kuu nimeona mkono mmoja umepanda ukashuka upesi. Sasa anyooshe mkono aliyewahi kushika kitabu cha Kikorea ndani ya maktaba ya chuo chake. Mmoja. Wawili. Haya, asanteni.

Pale mlangoni dada mmoja mkutubi amenikamata mkono akaniuliza: "Kaka, rafu za Kiswahili chenyewe hazijajaa, wewe unatuletea Kikorea?" Dada, uko wapi? Swali lako ni la haki. Nitalijibu, ila naomba nizunguke kwanza.

Mimi nimekaa miaka tisa kwenye dawati la uazimaji la maktaba ya chuo kikuu kimoja Marekani. Msomaji akitaka kitabu tusichokuwa nacho, mimi ndiye niliyekitafuta kwa majirani. Kilikuja kwa posta, kikasomwa, kikarudi kwao. Sikuajiriwa kwa sababu ya Kikorea. Kikorea kilinifuata mezani, ombi baada ya ombi, mpaka nikajifunza kusoma Hangul ili nisiaibike. Mfalme Sejong alizitangaza herufi hizo mwaka 1446 kusudi watu wa kawaida waweze kusoma, na nawahakikishia alifaulu: wiki mbili zilinitosha kusoma kwa sauti maneno nisiyojua maana ya hata moja.

Jambo nililokuja nalo ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mkitaka maktaba ya pamoja, kubalianeni kwanza nani asinunue nini.

Nianze na moto.

Wafalme wa Joseon waliitawala Korea kuanzia mwaka 1392. Kila mfalme alipofariki, waandishi wa historia waliandika kumbukumbu za utawala wake, siku kwa siku, na mfalme aliyekuwa madarakani hakuruhusiwa kusoma walichoandika. Fikirieni hilo! Mkubwa wa nchi anaandikwa na hana ruhusa ya kuchungulia. Nakala za kumbukumbu hizo zilihifadhiwa katika ghala nne: Seoul, Chungju, Seongju na Jeonju.

Mwaka 1592 majeshi ya Japani yakavamia. Seoul ikaungua. Chungju ikaungua. Seongju ikaungua. Karibu miaka mia mbili ya historia ya taifa ikabaki katika ghala moja, Jeonju, na adui yuko njiani. Nani aliiokoa? Jeshi? Hapana. Ni wasomi wawili wa huko huko, An Ui na Son Hong-nok. Walifunga masanduku, wakayapandisha mlima Naejang, wakayaficha na kuyalinda kwa zamu.

Vita vilipokwisha, wenyewe wakachapa upya kutokana na nakala ile moja. Wakati huu walikuwa wameshapata somo. Nakala moja ilibaki Seoul, na nyingine zikapelekwa mbali na barabara za majeshi, kwenye kisiwa cha Ganghwa na milima ya Taebaek, Odae na Myohyang. Waliokuwa wakiwacheka kwa kupandisha karatasi milimani wangengoja kidogo. Mwaka 1913, Korea ikiwa chini ya Japani, nakala za Odae zilisafirishwa mpaka chuo kikuu cha Tokyo. Mwaka 1923 tetemeko kubwa likaja na moto wake, nyingi zikateketea. Juzuu 47 zilizokuwa zimebaki huko zilirudi Seoul mwaka 2006. Na kumbukumbu zenyewe je? Zipo, tunazisoma, kwa sababu ghala nyingine zilikuwa na maandishi yaleyale.

Mmependa hadithi hiyo? Nami naipenda. Lakini ndugu zangu, hadithi hiyo imewapoteza wakutubi wengi. Wanaisikia, wanasema: "Basi kila mtu awe na kila kitu." Nakala nne za kitabu kilekile ni kinga ya moto. Kinga ya ujinga ni kitu kingine kabisa.

Chukueni maktaba sita, kila moja ina fedha kidogo na mkutubi mmoja wa Kikorea. Kila mmoja anakaa peke yake ofisini na orodha ya wauza vitabu. Atanunua nini? Kamusi kubwa, kila mmoja. Historia ya taifa yenye juzuu nyingi, kila mmoja. Riwaya iliyopata tuzo, kila mmoja. Historia ya kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Jeju? Hakuna. Taarifa za chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo? Hakuna. Mwisho wa mwaka mna maktaba moja iliyorudiwa mara sita. Ni kama harusi ambayo wajomba sita wameleta birika sita na hakuna aliyeleta sufuria.

Wenzetu wa Amerika ya Kaskazini walilitazama tatizo hili machoni. Mwaka 1994, kwa fedha za Korea Foundation, taasisi ya umma ya Korea Kusini, maktaba sita ziliungana: Harvard, Columbia, Hawaii, Washington ya kule Seattle, Berkeley, na Chuo Kikuu cha Southern California. Baadaye wakaingia wengine, wakiwamo UCLA, Chicago, Michigan na Stanford.

Sita hao hawakuwa sawa, na hapo ndipo utamu ulipo. Hawaii ina Wakorea tangu Januari 1903, meli ya kwanza iliposhusha vibarua wa mashamba ya miwa na familia zao, watu wapatao mia moja. Columbia ilianza na wanafunzi wa Kikorea walioko New York, ambao mwaka 1931, nchi yao ikiwa mikononi mwa Japani, walikusanya vitabu wakavikabidhi chuo. Hebu waza, huna nchi, una sanduku la vitabu. Berkeley nayo mwaka 1950 ilinunua vitabu vya kale vilivyokusanywa na Asami Rintaro, Mjapani aliyekuwa hakimu Korea wakati wa ukoloni, juzuu zaidi ya elfu nne. Historia ina vituko vyake: mkoloni anahukumu mchana, jioni anakusanya vitabu vya anaowahukumu, na leo mjukuu wa waliohukumiwa anavuka bahari kwenda California kuvisoma.

Makubaliano yao unaweza kuyaandika nyuma ya bahasha. Vitabu vya msingi, kila mmoja anunue kwa fedha zake. Fedha za pamoja zinunue kwa kina tu, kila maktaba na maeneo yake: huyu apewe fani hii, yule apewe mkoa ule. Na kilichonunuliwa kwa fedha hizo kiazimwe bure kwa msomi wa chuo chochote katika bara lile, hata chuo kisicho mwanachama. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa mimi. Kwenye dawati langu nilikuwa nikituma maombi kwa maktaba tajiri nikiwa na wasiwasi wa gharama, na kitabu kilikuja bila bili.

Lakini ahadi hii inauma. Siku moja profesa alikuja mezani kwangu amekunja uso. Anataka katalogi ya maonyesho ya jumba la makumbusho la mkoa fulani. "Kwa nini chuo kama hiki hatuna kitabu hiki?" Nikamjibu: "Profesa, kwa sababu tuliahidi kutokuwa nacho." Alinitazama kama mtu aliyemeza ndimu. Siku tisa baadaye kitabu kilifika kutoka pwani ya pili ya nchi. Hakuniomba radhi, lakini tangu siku hiyo alikuwa ananiletea maombi yake mkononi, hakuyatuma tena.

Mnaona? Ningekuwa nimekinunua, fedha ya kitu kingine ambacho hakuna maktaba nyingine ilikuwa nacho ingekwisha.

Na kwa Kikorea jambo hili ni zito zaidi kuliko mnavyodhani. Vitabu vya kitaaluma huko huchapwa nakala chache, na vikiisha mara nyingi havirudi. Halafu kuna wanachokiita bimaepum, kitabu kisichouzwa. Historia za wilaya zinazotolewa na halmashauri, katalogi za makumbusho, ripoti za vyama, vitabu vya nasaba za koo vinavyogawanywa kwa wanaukoo. Dukani huvikuti. Unavipata kwa barua, kwa simu, kwa kumjua bwana fulani katika ofisi ya wilaya na kumtumia salamu za mwaka mpya. Mkutubi mmoja anaweza kujuana na mkoa mmoja. Mikoa yote? Hawezi. Ndiyo maana aliyekabidhiwa Jeju anakaa na Jeju miaka ishirini, mpaka watu wa Jeju wanamtumia vitabu kabla hajaomba.

Sasa naomba niungame. Nilisema tunaazimana. Mnaazimana kitu mnachoweza kukiona, siyo? Mwanafunzi alileta ombi la kitabu juu ya bandari ya Busan. Nikatafuta B-u-s-a-n katika orodha. Hakuna. Nikamwandikia: hakipatikani. Akaondoka. Miezi miwili baadaye, nikitafuta mambo mengine, nikakikuta kitabu kilekile, kwenye orodha yetu wenyewe, kwenye jengo letu wenyewe, orofa mbili chini ya miguu yangu. Kiliandikwa Pusan.

Kosa la nani? Langu, kwanza. Lakini sikilizeni chanzo chake. Maktaba za Marekani huandika Kikorea kwa herufi za Kilatini zikifuata mfumo wa McCune na Reischauer, wa mwaka 1939. Katika mfumo huo herufi ya kwanza ya jina la mji ule, ikianza neno, inaandikwa P. Serikali ya Korea Kusini ilitangaza mfumo wake mpya mwaka 2000, na humo ni B. Kwa Mkorea ni herufi moja, mji mmoja. Kwa orodha ya maktaba ni miji miwili. Na rekodi ya kitabu kile ilikuwa ya zamani, haikuwa na Hangul hata neno moja.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Mzee wangu, usiwacheke, haya ni yetu pia. Tenzi zetu za kale kwa herufi za Kiarabu, herufi ile ya be iliandika b, ikaandika p, ikaandika na mb. Baba na papa vinafanana kwenye karatasi! Msomaji aliyejua utenzi hakupata taabu. Mkutubi anayeorodhesha miswada hiyo, mkiwa na hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkusanyiko wake, anajua taabu yake.

Na Busan ni mfano mwepesi. Jina la ukoo wanaloandika kwa herufi moja fupi, wenyewe nje ya nchi huliandika Lee, Yi, Rhee, Li, kila mtu na ladha yake. Neno "kazi" Kusini ni nodong, Kaskazini ni rodong. Mtafiti wa magazeti ya Pyongyang asipolijua hilo atarudi nyumbani mikono mitupu. Kitabu cha miaka ya 1930 kina herufi za Kichina zilizochanganywa na Hangul, na mwanafunzi wa leo wa Seoul mwenyewe anahitaji msaada kukisoma. Kwa hiyo mkinunua vitabu mia, tengeni fedha za mtu wa kuviorodhesha vizuri, jina kwa Hangul, jina kwa Kilatini, na njia ya kutoka Pusan kwenda Busan. Msipofanya hivyo, mmenunua mia mkavizika mia.

Mnadhani natia chumvi? Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kikorea, Park Byeong-seon, aliyefanya kazi katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Yeye ndiye aliyeitambulisha dunia Jikji, kitabu cha Kibudha kilichochapwa kwa herufi za chuma mwaka 1377, zaidi ya miaka sabini kabla ya Biblia ya Gutenberg. Kilikuwa Paris, ndani ya maktaba. Hakikuwa kimepotea, kilikuwa hakijajulikana uzito wake.

Tena alikuwa akitafuta kitu kingine. Mwaka 1866 wanajeshi wa majini wa Ufaransa walivamia kisiwa cha Ganghwa wakachukua vitabu vya maktaba ya kifalme, vinavyoeleza sherehe na itifaki za ikulu, maziko, harusi, na michoro ya misafara kwa rangi. Vimekwenda wapi? Watu waliuliza. Mwaka 1975 Bi Park alivikuta katika ghala la maktaba hiyohiyo, kule Versailles, vimehesabiwa pamoja na vitabu vya Kichina. Na ukivifungua unaelewa kwa nini, vimeandikwa kwa herufi za Kichina. Aliyeviweka pale hakuwa mwongo. Alikuwa hajui tu. Juzuu 297 zilirudi Seoul mwaka 2011, na hata hivyo kwa mkataba wa kuazima unaohuishwa kila miaka mitano. Bi Park alifariki Novemba mwaka huohuo.

Miaka zaidi ya mia moja, ndugu zangu. Kwa sababu ya rafu.

La fedha nitalipitisha haraka, maana nyote mnalijua. Mfadhili hutoa leo, kesho ana mradi mwingine. Mkijenga kwa fedha za mfadhili peke yake, siku akiondoka mnabaki na rafu za mwaka fulani hadi mwaka fulani, halafu pengo.

Lakini kuna jipya, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Kitabu cha karatasi ukishakinunua ni chako, mwazime umtakaye. Hifadhidata kama DBpia, yenye majarida ya kitaaluma ya Korea, huinunui. Unaipanga, kama chumba. Na mwenye nyumba ameandika kwenye mkataba kwamba wageni hawalali. Kila chuo kinapanga chumba chake, vyumba vyote ni sawasawa, na tumerudi kwenye birika sita. Someni mikataba kabla ya kusaini! Ombeni bei ya pamoja, ombeni haki ya kumtumia mwenzenu makala moja moja. Wakikataa, angalau mtajua mmelipia nini. Na kabla ya kulipa senti, mpeni mwanafunzi RISS, orodha inayoendeshwa na taasisi ya serikali ya Korea Kusini. Ina tasnifu za vyuo vyao, na nyingi zinafunguka bure. Nimeona chuo kikilipia kitu ambacho mwanafunzi wake wa mwaka wa pili alikuwa anakisoma bure kwenye simu.

Dada yangu wa mlangoni, sasa nakujibu.

Unauliza Kikorea kinatuhusu nini. Kwanza, wenzetu hao hawakutungojea. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, huko Korea Kusini, kinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Kuna Mkorea anayesoma methali zetu huku sisi tunabishana kama tuna nafasi ya rafu.

Pili, hili la kununua kwa pamoja tumeshafanyiwa sisi. Tangu mwaka 1963 maktaba za Marekani zinachangia fedha kupiga picha magazeti na nyaraka za Afrika kwenye mikrofilamu zinazowekwa Chicago, moja kwa wote. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi, inakusanya machapisho ya ukanda huu, yakiwamo ya Kiswahili, kwa ajili yake na kwa ajili ya maktaba za vyuo vinavyochangia. Nilipokuwa dawatini nimewahi kumwazimia mwanafunzi wa Kimarekani kijitabu cha Kiswahili kilichochapwa Zanzibar. Nilikigeuza, nikatafuta nyumbani kama kuna maktaba ya chuo inayokionyesha katika orodha yake. Sikuikuta. Labda kipo kwenye sanduku. Labda kimeandikwa kwa P.

Kwa hiyo, dada, hatujifunzi habari hii kwa ajili ya Kikorea peke yake. Vyuo vichache vya ukanda wetu vimeanza kufundisha Kikorea, vitabu ni vichache, wakutubi wake tunaweza kukaa wote kwenye daladala moja. Ndiyo sababu tuanzie hapo. Ugomvi bado ni mdogo. Hakuna profesa mwenye rafu yake ya Kikorea anayoilinda kama shamba. Tukiweza kuaminiana kwa vitabu mia tano vya Kikorea, tutakuja kwenye Kiswahili tukiwa tumeshajua tunagombana wapi.

Najua mnachosema moyoni. "Yule jirani? Nimwachie yeye riwaya, halafu nikimwomba aniambie mkutubi yuko likizo?" Ni kweli, itatokea. Mimi mwenyewe nimekaa wiki tano nikingoja kitabu kutoka maktaba iliyosaini kila karatasi ya makubaliano. Tulichofanya ni kumpigia simu yule mhusika, tukamuuliza habari za watoto, na kitabu kikaja. Mkataba upo, simu nayo ipo.

Nimeambiwa muda umekwisha, naona mshereheshaji ameshasimama. Dakika moja tu. Pale mlangoni kuna meza, juu yake kuna karatasi na kalamu. Kila maktaba iandike jina lake. Chini yake msiniandikie mnachotaka kununua, orodha hizo ninazo nyingi. Niandikieni kitu kimoja cha Kikorea ambacho kuanzia leo hamtakinunua, na jina la jirani mnayemwachia akinunue. Atakayeandika jina la jirani, amtafute kabla hajaondoka amwambie, maana jirani mwenyewe yuko humu ndani. Chai ipo tayari, na mvua naona imepungua.